KISU KINACHONG'AA NA KISU KINACHOPATA

Katika nyumba zetu hakuna chombo kinachoshikwa mara nyingi kwa siku kama kisu, wala hakuna kinachonunuliwa kwa fikra chache kama hicho. Mama akienda sokoni kununua sufuria, huigonga kwa kidole, huitazama kitako na kupima uzito wake mkononi. Baba akinunua jembe, huligeuza mara kumi kabla ya kutoa fedha yake. Lakini kisu huchukuliwa kwa sababu kinang'aa na mpini wake una rangi ya kupendeza. Mwezi haujaisha, kisu hicho hicho hakikati nyanya bali huikamua. Na lawama humwangukia muuzaji, au binti aliyekitumia, au kinoo.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya chuma chenyewe: kwa nini kisu kimoja hushika kutu na kingine hakishiki, kwa nini kimoja humeguka na kingine hupinda, na kwa nini kimoja hunoleka upesi, na kingine humchosha mnoaji.

Kwa wakazi wa Bunda jambo hili si la anasa. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, na watu wake wengi hula kwa jasho la kisu. Upande wa magharibi kuna Ghuba ya Speke, na samaki wanaovuliwa humo lazima waparwe, wapasuliwe na kutolewa minofu. Upande wa bara kuna wafugaji, na ng'ombe akichinjwa lazima achunwe na kukatwakatwa. Mjini kuna bucha, kuna mama lishe, kuna muuza miwa. Mtu wa namna hiyo akiwa na kisu butu hupoteza muda, hupoteza minofu inayobaki mfupani, huitoboa ngozi ambayo ingepata bei nzuri, na mwisho hujikata kidole. Maana ni kisu butu kinachojeruhi zaidi: hulazimisha mkono kukandamiza, na mkono unaokandamiza huteleza.

Sifa tatu zisizokaa nyumba moja

Kisu hutakiwa kuwa na sifa tatu. Ya kwanza ni kukinza kutu. Ya pili ni ustahimilivu, yaani kupokea kishindo cha mfupa au ubao bila kumeguka. Ya tatu ni makali: yapatikane bila taabu, na yakishapatikana yadumu.

Shida ni kwamba sifa hizi hazipendi kukaa pamoja. Chuma kigumu sana hutunza makali, lakini humeguka kama kigae cha chungu. Chuma kilicho laini hustahimili vishindo na hunoleka kwa dakika chache, lakini makali yake hulala kabla chakula hakijaiva. Na chuma kinachokinza kutu sana mara nyingi hakina ugumu wa kutosha, au kikiwa nao, kinoo hufanya kazi kubwa. Kwa hiyo anayetafuta kisu kimoja kilicho bora kwa kila kazi atatafuta sana. Swali la haki si "kisu kipi ni bora?" bali ni "kisu hiki ni cha kazi gani?"

Ili tuelewane, tutazame kilichomo ndani. Chuma kitupu ni laini. Kinachokigeuza kuwa feleji, yaani chuma kinachoweza kukomazwa kwa moto, ni kaboni, ile ile iliyomo katika makaa. Nondo ya kujengea nyumba kwa kawaida ina kaboni ya sehemu 2 au 3 hivi katika kila sehemu 1,000. Springi ya gari, ile ya majani, ina sehemu karibu 6. Tupa ya kunolea ina sehemu 10 au zaidi. Tofauti hizo zaonekana ndogo mno, lakini ndizo zinazofanya kisu cha nondo kisishike makali hata ukikinoa mchana kutwa, na kisu cha tupa kikate kama wembe kisha kivunjike kikianguka sakafuni.

Kinachozuia kutu ni madini mengine, yaitwayo kromi. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa metali aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Aliyeyusha feleji yenye kromi karibu asilimia 13, akaona kwamba haishiki kutu kama nyingine. Ndiyo hiyo tuiitayo leo stenlesi. Kromi ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Sheffield ulikuwa mji wa mafundi visu, nao hawakuipokea kwa furaha: walimdhihaki Brearley kwamba amevumbua visu visivyokata. Dhihaka hiyo ilipungua nguvu baada ya mafundi kujifunza namna ya kuikomaza feleji hiyo, lakini kwa visu vya bei rahisi vinavyofika magulioni kwetu ingali na ukweli.

Mgodi wa mhunzi wa leo ni gereji

Ndugu msomaji, asikudanganye mtu kwamba elimu ya feleji ililetwa kwetu kwa meli. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, waliyeyusha feleji ya kaboni tangu miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kusini-magharibi ya ziwa, Warongo walisifika kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukumani. Hapa Mara, miongoni mwa makabila kama Waikizu na Wazanaki, uhunzi ulikuwa kazi ya watu maalumu waitwao Abaturi, ambao ufundi wao ulirithiwa katika ukoo.

Mhunzi wa leo hachimbi tena mawe ya chuma. Mgodi wake ni gereji. Springi iliyochoka ya lori huletwa kwake, hukatwa, hutiwa katika makaa, hugongwa juu ya fuawe, na hutoka ikiwa kisu, panga au shoka. Wapo wanaokidharau kisu hicho kwa sababu ni cheusi na hakina sanduku. Hao wanakosea. Springi ya gari imetengenezwa ibebe mzigo, ipinde na kurudi mara maelfu bila kukatika. Ukitafuta feleji yenye ustahimilivu kwa bei ambayo mfanyakazi anaimudu, utachelewa kuipata iliyo bora kuliko hiyo. Kasoro yake ni moja na iko wazi: kromi iliyomo, kama ipo, ni chache mno, kwa hiyo itashika kutu usipoifuta.

Hata hivyo springi njema ikiangukia fundi mzembe hutoka kisu kibaya, kwa maana moto ni nusu ya kisu. Baada ya kukipa umbo, fundi hukipasha kisu mpaka kiwe chekundu cha kung'aa na sumaku isikishike tena. Hukizidishia moto kidogo, kisha hukitosa ghafla katika mafuta. Hapo chuma huwa kigumu kupita kiasi, na kikigongwa huvunjika. Ndipo fundi hukisugua kidogo kionekane cheupe na kukirudishia moto mdogo, huku akitazama rangi inavyopita juu yake: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho buluu. Kwa kisu cha kukatia husimama kwenye manjano au mwanzo wa kahawia. Kwa panga litakalopiga magogo huacha moto uendelee kidogo, ili ugumu upungue na ustahimilivu uongezeke. Fundi anayegonga chuma na kukiacha kipoe chenyewe amekuuzia umbo la kisu.

Tangu Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilipoundwa mwaka 1973, taifa letu limetambua kwamba karakana ndogo ni kiwanda kama viwanda vingine. Sisi wanunuzi nasi tunao wajibu wetu: tumheshimu mhunzi kwa kumwuliza maswali ya kifundi. Mwulize chuma amekitoa wapi, ni springi au ni nondo. Na mwulize amekirudishia moto mpaka rangi gani. Fundi wa kweli hufurahi kuulizwa.

Kila kazi na chuma chake

Kwa kupara samaki na kutoa minofu, chukua stenlesi yenye ubapa mwembamba unaopinda kidogo. Hapa maji na magamba hayakomi, na kisu chenye vishimo vya kutu huficha uchafu ambao hauondoki kwa kuoshwa. Lakini tahadhari: wale wanaotengeneza kayabo, yaani sangara wa chumvi, wasidhani stenlesi haishindwi. Chumvi huitoboa ile ngozi ya kromi na kuacha vidoa vidogo vinavyochimba kwenda ndani. Kisu kilichogusa chumvi kioshwe kwa maji safi na kikaushwe mara moja, hata kama ni stenlesi.

Kwa kuchuna ng'ombe na kazi ya bucha, kisu cha springi kilichofuliwa vema kinafaa sana, kwa kuwa hurudi kwenye makali kwa kusuguliwa mara chache, na kazi haisimami. Kiwe na tumbo la mviringo. Kisu chenye ncha kali iliyonyooka ndicho kinachotoboa ngozi, na ngozi yenye matundu hupunguzwa daraja na bei. Mifupa mikubwa isikatwe kwa kisu. Hiyo ni kazi ya shoka au ya msumeno.

Kwa jikoni, penye nyanya, ndimu, ukwaju na vitunguu, stenlesi ndogo ya wastani yatosha. Ukitumia kisu cha springi kwa ndimu, kitageuka cheusi na kuacha ladha ya chuma. Weusi huo si sumu, na kwa kweli huzuia kutu kidogo. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni wekundu.

Kwa kuni, uzio na miwa, tumia panga. Panga hutengenezwa kwa feleji ya kaboni iliyoachwa laini kiasi, ili makali yakigonga jiwe yapinde badala ya kumeguka, nawe uyanyooshe kwa tupa. Usilalamike kwamba panga halikati kitunguu vizuri. Halikufanywa kwa kitunguu.

Na kisu kilichofuliwa kutokana na tupa kuukuu? Kinafaa kwa fundi viatu na kwa yeyote akataye vitu laini kwa utulivu. Kisipelekwe kwenye mfupa wala kwenye mikono ya watoto.

Namna ya kupima sokoni

Wengi huamini kwamba stenlesi halisi haishikwi na sumaku. Kwa kijiko na sufuria imani hiyo ina ukweli wake, lakini kwa kisu ni kinyume. Aina ya stenlesi isiyoshikwa na sumaku, ile yenye nikeli ndani yake, haikomazwi kwa moto, na haiwezi kushika makali ya maana. Kisu cha stenlesi kinachofaa lazima kishikwe na sumaku. Basi ukiona sumaku inakikataa kisu, kirudishe. Ikikikubali bado hujapata uthibitisho, maana hata stenlesi laini zipo zinazoshikwa.

Kipimo cha pili ni tupa. Omba ruhusa, kisha pitisha tupa ndogo taratibu karibu na makali, pale penye mpini. Tupa ikizama na kula chuma kwa urahisi kama inavyokula msumari, kisu ni laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, kisu ni kigumu sana, nacho kitakuwa chepesi kumeguka. Ikikwaruza kwa shida, hicho ndicho.

Kipimo cha tatu ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini. Ukiweza kuuona unafika karibu na mwisho wa mpini na umefungwa kwa ribiti, ni jambo jema. Msuka mfupi hulegea siku ya kazi ngumu.

Visu vingine vya kiwandani vina chapa ya namba, na namba hizo zina maana. 420 ni stenlesi yenye kaboni chache na kromi asilimia 13 hivi. Hukinza kutu vizuri, hunoleka upesi, na huisha makali upesi. X50CrMoV15, inayotumiwa sana na viwanda vya Ujerumani, ina kaboni ya sehemu 5 katika 1,000 na kromi asilimia 15. Hiyo ni ya wastani katika mambo yote, na kwa familia ni chaguo zuri. 440C ina kaboni karibu sehemu 10 katika 1,000 na kromi asilimia 17. Hudumu na makali siku nyingi, lakini yakiisha humtoa jasho mnoaji, nayo haipendi vishindo. Kumbuka tu kwamba chapa huweza kuigwa, na ndiyo maana tumeanza na sumaku na tupa.

Kunoa

Kisu cha bei ndogo kilichonolewa vizuri hukishinda kisu cha bei kubwa kilichotupwa. Jambo la kwanza ni pembe. Kata karatasi ya mraba. Kunja kona yake mara moja, mstari upite katikati ya kona, kisha kunja tena vile vile. Kona hiyo ya mwisho ina nyuzi 22 na nusu. Hiyo ndiyo kadiri ya kukiinamisha kisu cha kazi juu ya kinoo. Kwa kisu chembamba cha minofu inamisha kidogo zaidi, zibaki nyuzi kama 15. Kwa panga inua mpaka kama 30.

Lowesha kinoo. Sugua upande mmoja, kutoka mpinini mpaka nchani, bila kubadili pembe, mpaka uhisi kwa kidole kwamba upande wa pili umeota usinga mdogo wa chuma. Kidole kivutwe kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe kisipite kwa urefu wa makali. Kisha geuza, ufanye vile vile. Mwisho punguza nguvu, ukigeuza kila mara, mpaka usinga uondoke. Asiye na kinoo laini ageuze kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyong'aa hufaa sana kumalizia.

Ile fimbo ya chuma itumiwayo na wenye bucha hainoi kama kinoo. Huyanyoosha makali yaliyolala. Ndiyo maana huwasaidia mara nyingi kwa siku, lakini ipo siku haiwasaidii tena, na kinoo hutakiwa.

Jihadhari na jiwe la umeme. Cheche hupendeza, lakini makali ni membamba na hupata moto upesi, na stenlesi zaidi, kwa kuwa haipitishi joto vizuri. Ukiona makali yamegeuka buluu, ujue kazi ya fundi ya kurudishia moto imeharibiwa, na sehemu hiyo haitashika makali mpaka isagwe yote. Mwambie mnoaji agusishe kidogo kidogo na achovye majini kila mara.

Kutunza

Osha kisu mara baada ya kazi, kifute, kikauke. Usikilaze ndani ya beseni la maji pamoja na vyombo. Kinashika kutu, na mwoshaji asiyekiona atajikata. Kisu cha springi kipakwe mafuta kidogo ya kupikia, na kama kitakaa siku nyingi kisikae ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Stenlesi isisuguliwe kwa stilwaya ya chuma. Vipande vyake vidogo hubaki juu ya ubapa na kushika kutu, nawe utadhani ni kisu chenyewe. Majivu laini na kitambaa vyatosha.

Kwa familia ya mfanyakazi, basi, ushauri wetu ni huu. Badala ya kununua seti ya visu sita vinavyong'aa ndani ya sanduku, nunua stenlesi moja ya wastani kwa jikoni, kisu kimoja cha springi kwa mhunzi aliyekujibu maswali yako, panga moja, na kinoo kimoja kizuri. Fedha itakayobaki itanunua nyama ya kukata. Na siku ya gulio, weka sumaku ndogo mfukoni; muuzaji akikuuliza ni ya nini, mwonyeshe, naye ajifunze.